Mtoto Mwenye Aliitwa Mama

Kujeni hapa kwa jua, nyinyi wote wenye mmepewa watoto wa sande skuli. Vuta hiyo benchi. Mguu yake moja ni fupi, kwa hivyo usikae huko mwisho, utaanguka halafu useme mimi Shosho, nyanya yenu, nimekuroga. Haya. Pasta amesema niwaambie vile tulikuwa tunachunga watoto wa kanisa. Shule mimi niliionea kwa dirisha tu, lakini kuongea sijawahi kunyimwa, na leo sina kitu kwa jiko ya kuungua.

Siku hizi nikikaa hapa nje macho inaanza kufunga yenyewe, na kitu ya kwanza naona ni ukungu. Mnajua kanisa yetu vile iko pale juu ya Gakindu. Jumapili asubuhi ukungu unateremka kutoka kwa mlima unakuja kulala kwa kahawa, mweupe kama maziwa imemwagika. Mtoto akikuja haukuwa unamwona. Ulikuwa unamsikia. Kwanza ni viatu kwa matope, pwa, pwa, pwa. Halafu mtu anacheka. Halafu uso inatokea hapo mbele yako na kamasi yake, na maua ya kahawa kwa nywele, na harufu ya hiyo maua tamu mpaka unasikia usingizi. Sijui mpaka leo kama walikuwa wanatoka kwao ama huo ukungu ndio ulikuwa unawazaa. Mimi naotanga wakiendelea kutokea. Wengine ni watu wako na wajukuu saa hii, lakini kwa ndoto ni wadogo wote, wamepanga laini, wananiuliza, "Shosho, uji imeiva?"

Kazi yangu haikuwa na jina. Nilikuwa nafagia, nashika funguo, napika uji. Lakini kazi yenyewe kabisa ilikuwa kukaa kwa mlango. Nimefuma sweta mingi kwa hiyo mlango mpaka wajukuu wangu walikuwa wanaomba Mungu nipatiwe kazi ingine.

Hii ya mlango nilifunzwa na Tata Njoki, tata ni kama shangazi. Yeye ndiye alikuwa na watoto mbele yangu, mama mnene, mpole, anatembea kama amebeba mayai. Siku yangu ya kwanza nilikaa ndani katikati ya watoto, naimba na wao, nimefurahi, najiona nafanya kazi. Akanivuta na leso.

"Wangui, unafanya nini?"

"Si naangalia watoto, tata."

"Wachana na watoto. Angalia wakubwa."

Nikafikiria amechanganyikiwa. Akaniambia, "Mtoto akianguka atalia, utamsikia hata ukiwa Gakindu sokoni. Mtu mkubwa akifanya makosa na mtoto, hakuna mtu husikia kitu. Weka kiti yako mahali unaona nani anaingia na nani anatoka, na ufume."

Na alikuwa hachagui mtu. Siku moja kulikuja mhubiri mgeni, mtu mkubwa, suti na viatu ya kung'aa, akasema Roho amemwambia aombee mtoto fulani peke yake kwa ile chumba ya nyuma. Sisi wote tumeinamisha kichwa, nani atabishana na Roho? Tata Njoki akachukua stuli yake na karai ya minji, akaingia na wao, akakaa chini, akaanza kutoa minji kwa maganda. Tak, tak, tak. Mhubiri akamwangalia. "Mama, tulikuwa tunataka kuomba." Akajibu, "Ombeni tu, baba. Mimi na minji tutasema amina." Hiyo maombi ilikuwa fupi sana! Na huyo mhubiri alikuwa mtu mzuri, hakuna ubaya alikuwa nayo, baadaye walikula hiyo minji pamoja na yeye akaongezwa. Lakini mlango ilikaa wazi kwa sababu mlango hukaa wazi. Haungojei kwanza umshuku mtu.

Ingine ni choo. Watoto wanaenda watatu. Mmoja akiteleza, mmoja anabaki na yeye, mwingine anakuja kuniita. Kuna wale walikuwa wanaenda watatu mpaka wakazoea, wakaolewa huko Karatina, na nasikia mpaka leo hawawezi kwenda sokoni kama hawajaitana.

Na tumbo. Hiyo nayo shikeni. Mtoto akisema tumbo inauma, usikimbilie dawa. Muulize inauma siku gani. Kama ni kila siku, ni minyoo. Kama ni siku moja ya wiki, uliza hiyo siku kuna nani.

Na ya mwisho ya Tata Njoki ni viazi. Mtoto akiwa na kitu nzito ndani, ukimkalisha hapo umkazie macho, atafunga mdomo kama konokono ameguswa. Mpatie kisu butu na kiazi. Wewe pia shika chako. Nyinyi wawili angalieni viazi. Maneno inatoka na maganda.

Sasa nyinyi mmeleta maendeleo, siwezi kukataa. Mmeweka kioo kwa mlango, mmesema lazima walimu wawe wawili, mmepiga marufuku kuweka picha za watoto kwa simu. Nilipiga makofi mimi. Na Ticha Kevo hapa, huyu ananicheka, alinifunza kitu juzi. Aliniambia kuna watu wanaingia kwa simu ya mtoto wakijifanya pia wao ni watoto.

Nikamwuliza, "Mtu mzima? Na ndevu?"

"Na ndevu, Shosho. Anasema ako class six. Ni noma."

Nikaendelea kufuma. Akadhani sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa sana. Huyo mtu nilikuwa namjua. Yule wangu hakuwa anatumia simu, alikuwa na pikapu.

Ngoja nianze mbali kidogo, kwa jina. Nyinyi wote mnajua vile sisi watu wa hapa tunapeana jina. Kijana wa kwanza ni baba ya bwana, msichana wa kwanza ni mama ya bwana, halafu upande ya mama. Mtu hapotei. Analala leo, kesho anarudi amefungwa shali, ananyonya. Bwana yangu alikuwa Ndegwa, Mungu amlaze. Mjukuu wangu ni Ndegwa. Kwa hivyo huyo ndiye bwana yangu, na anajua! Alikuwa anaingia hapa, kimtu kidogo hivi, matope mpaka kwa magoti, ananiita, "Mke wangu! Chai iko wapi?" Na mimi naruka. Pasta wa mbele ya huyu, akiwa mgeni hapa, alimwuliza, "Huyu ni nani yako?" Akasema, "Ni bibi yangu, lakini chapati yake ni ngumu." Ngai! Nilicheka mpaka nikashikilia ukuta.

Hii kitu ni tamu. Nikimwona huyo mtoto akikohoa naona mzee wangu akikohoa, nashangaa kama kweli alienda. Kwa hivyo mtu akiita mtoto mdogo mama, ama baba, ama bwana, hakuna mtu hapa atageuka. Tutacheka tu, roho itakuwa moto.

Sasa, kulikuwa na mwenye kuongoza kwaya. Nitamwita Baba Mugo. Alikuwa na sauti, watoto wangu, akishuka chini mabati inatetemeka. Na mtu wa kusaidia. Bwana yangu akigonjeka ile ya mwisho, pikapu ya huyo ndiyo ilimpeleka hospitali, na hakutaka hata asante. Kwa kanisa yote hakuna nyumba hakuwa amebebea kitu.

Na kulikuwa na msichana, Nyambura. Mwembamba, macho kubwa, yule wa kuingia mahali kama paka. Mama yake alikuwa ameenda Mwea kutafuta kazi ya kupanda mchele, kwa sababu hapa kahawa ilikuwa imekataa kulipa, na mtoto akabaki na babu yake, huyo mzee wa ile boma ya chini na mikebe ya maua. Sisi tulikuwa tunamwita Guka tu. Guka alikuwa kiziwi, lakini kiziwi ya kuchagua.

Siku Nyambura aliingia kwaya ya watoto, Baba Mugo akamwuliza jina. Akisikia, akashika kifua. "Nyambura? Si hiyo ni jina ya mama yangu! Maitu amerudi!" Kanisa yote ikacheka. Wamama wakapiga kelele ya furaha. Kutoka hiyo siku ikawa ni maitu, maitu, yaani mama, mama. Mama yangu akae mbele. Mama yangu ameletewa mandazi. Mama yangu amenunuliwa viatu. Na sisi tunasema, woi, ona vile mtu anapenda mama yake.

Lakini jina hutoka ndani ya nyumba. Nyambura hakuwa wa nyumba yake. Hata upande ya shangazi, hata ya jirani. Kina Nyambura ni wengi hapa kama mahindi. Hakuna mtu alisema hiyo, kwa sababu hiyo maitu yake ilikuwa imevaa nguo ya mila yetu.

Halafu tumbo ikaanza. Alhamisi. Nyambura anakuja jikoni ya kanisa, ameshika hapa. "Shosho, tumbo." Wiki ingine, tumbo, Alhamisi. Alhamisi ilikuwa siku ya kwaya.

Nikampatia kisu butu.

Tulikuwa na gunia ya viazi ya mkutano ya vijana. Nje ilikuwa imeanza kunyesha, ile mvua ya pole pole inafanya mtu asikie kama dunia iko mbali. Tukamenya. Sikusema kitu. Tukamenya tena. Akaniuliza, macho kwa kiazi:

"Shosho, mama anaweza kukataza mtoto yake kitu?"

"Eeh. Mimi wangu nimewakataza mpaka nikachoka. Kuna mmoja alitaka kufuga nyoka."

Akacheka kidogo. Ganda moja ikaanguka, ndefu.

"Na kama mtoto yake ni mkubwa kumshinda? Na ako na pikapu?"

Watoto wangu, mkono yangu ilitaka kusimama. Nikaiambia, menya wewe. Ikamenya.

"Hata huyo," nikasema. "Huyo ndiye wa kukatazwa kabisa."

Basi ikatoka, pole pole, na maganda. Baba Mugo anasema yeye ni mama, na mama haogopi mtoto yake. Anasema mama na mtoto wako na siri zao. Akimsalimia haachilii mkono, na yeye hapendi. Na Jumamosi atampeleka Mwea amwone mama yake, wao wawili tu. Guka amekubali kwa sababu ameambiwa ni kwaya yote inaenda.

Akauliza, "Utaambia mtu?"

Hapo ndipo watu hukosea, wanasema, hapana, itabaki hapa na mimi. Usiseme hivyo. Huyu mtoto ametoka kwa siri moja, usimfungie kwa ingine. Nilimwambia, "Nitaambia mtu mwenye anaweza kusimamisha hiyo gari. Naanza na Pasta. Na kila mtu nitaambia, wewe utajua."

Halafu machozi ikaanguka kwa kiazi. "Lakini sasa si sitaenda Mwea."

Mnaona? Huyo mtoto alikuwa amejua kila kitu. Alikuwa amepima kwa hicho kichwa chake kidogo, akaona njia ya kufika kwa mama yake ni hiyo moja. Nikamwambia, "Mwea utaenda." Sikuwa najua nitampeleka na nini. Nilisema tu.

Pasta, mnamjua. Yeye pia alipita kwa mikono yangu, nimempangusa kamasi huyo, mara mingi. Nilimkuta akitengeneza spika. Nikamwambia yote. Akasikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa kwa spika.

"Cucu," akasema, hivyo ndivyo wakubwa huniita, ni Shosho tu, "labda..."

"Labda nini?"

Akashika uso. "Hakuna. Nilikuwa natafuta labda, na haiko."

Akapigia mama ya Nyambura simu. Huyo mama alilia tukasikia hata bila spika. Kesho yake asubuhi Pasta akapigia ofisi ya watoto, ile ya serikali, akaambiwa mambo tatu hivi: huyo mtu na mtoto wasikutane tena, Jumatatu waletewe mtoto na mama yake, na mpaka hiyo siku mtoto asiulizwe ulizwe na kila mtu kama mwizi wa kuku. Hiyo ya mwisho nilikuwa siijui mimi. Nilikuwa nimepanga kumwuliza tena jioni. Nikaacha. Nikampikia chapati.

Jumamosi nilifika kwa Guka jogoo haijamaliza. Tulikuwa tumemwambia jana yake. Alikuwa amekaa na hiyo maneno, halafu akaamka akatafuta waya, akafunga geti yake. Hiyo geti ni vijiti tu, mbuzi inaweza kuisukuma na pua. Lakini aliifunga, akasimama hapo na kofia yake ya kanisa.

Ukungu ulikuwa mzito mpaka mikebe ya maua ilikuwa inaelea. Nikakaa kwa stuli, nikatoa sweta yangu. Tukasikia pikapu kabla hatujaiona.

Baba Mugo akatoka akitabasamu. "Ah, Cucu! Umeamka mapema hivi? Nimekuja kuchukua maitu."

"Nyambura haendi."

"Lakini tulikuwa tumepanga."

"Na nani? Uliambia Guka ni kwaya yote. Sioni hata soprano moja kwa hiyo gari."

Akacheka, na ile sauti yake. Mnajua sauti nzuri inafanya mtu aone aibu kukataa? Nilikuwa naona mzee wangu amelala nyuma ya hiyo pikapu, amefunikwa blanketi, huyu akiendesha pole pole asigonge mashimo.

"Cucu, wewe tena? Mtu anaweza kufanyia mama yake kitu mbaya?"

"Mama yako tulimzika huko Othaya na mimi nilipika kwa hiyo mazishi. Huyu ni mtoto."

Akageukia Guka. "Guka, si ulikubali?" Na huyo mzee, mwenye ukimwomba chumvi unapiga kelele mpaka ng'ombe inaitika, akajibu hapo hapo:

"Nilikubali kwaya."

Baba Mugo akainua sauti juu ya geti. "Maitu! Toka uwaambie unataka kwenda kwa mum!"

Nikasimama. Sweta ikaanguka. "Usimwite. Ongea na mimi. Mimi ndiyo nimesema haendi."

Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani. Hiyo ukungu haikuwa na saa. Halafu akafungua mlango ya gari, akaifunga kwa nguvu, na akaenda, na tukaendelea kusikia hiyo injini ikishuka, ikishuka, mpaka ikawa kama nyuki, halafu ikawa ni ndege tu kwa kahawa. Guka akaniambia, "Sasa fungua hii waya, mimi nimeifunga mpaka siwezi." Tukaanza kucheka, wazee wawili, tunashikana na geti.

Na siku hiyo hiyo tulienda Mwea. Mimi, Nyambura, na bibi ya Pasta, Mama Eli, mwenye alikuwa amebeba chupa ya chai kama tunaenda Uganda.

Nyinyi mmezoea Mwea, mnaona ni mchele tu. Mimi nilikuwa sijafika. Nilitoka kwa gari nikafikiria nimekufa. Maji kila mahali, imetulia, na mbingu iko chini, na mlima wetu umeanguka kwa hiyo maji, kichwa chini, theluji yake na yote. Ndege nyeupe wanatembea kwa mawingu. Na katikati ya mawingu wamama wameinama, wanapanda. Mmoja akainua kichwa.

Nyambura hakuita. Alitembea kwa hiyo njia nyembamba ya tuta, pole pole, halafu haraka. Mama yake akatoka kwa maji, tope mpaka kwa paja, akajaribu kupangusa mikono kwa nguo, lakini nguo pia ilikuwa tope, akaacha. Akamshika tu. Mtoto alikuwa amevaa ile nguo yake nzuri ya kanisa. Akigeuka, mgongoni kulikuwa na mikono miwili ya tope imechorwa, vidole vyote. Alikataa isifuliwe. Nafikiri iko mpaka leo mahali.

Nyambura mwenyewe akamwambia mama yake, wamekaa kando ya mfereji, sisi tumekaa mbali tunakunywa chai. Sikusikia. Niliona tu mama akiosha mikono kwa hiyo maji, anaosha, anaosha, na ilikuwa imekuwa safi zamani. Jioni akarudi na sisi nyumbani. Mchele, alisema, itajipanda.

Jumapili ndiyo ilikuwa ngumu. Watu walikuwa wamesikia. Baada ya ibada komiti ikakaa, na mzee mmoja, si mtu mbaya, akasema, "Jina ya kanisa isipelekwe kwa serikali. Tuite wazee. Achinje mbuzi, aombe msamaha, tumalize nyumbani." Wengine wakaitikia, eeh, eeh, nyumbani. Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Na nyama hiyo, nani ataila? Nyambura?"

Pasta akasimama. "Mbuzi ni ya watu wakigombania mpaka ya shamba. Hii inaenda kwa ofisi ya watoto kesho asubuhi. Mimi ndiye napeleka." Na akakaa. Mtoto wangu wa kamasi! Nilitaka kumpigia ngemi, yaani vigelegele, hapo ndani.

Alipeleka. Kulikuwa na mama huko ofisini alijua kazi yake, hata Nyambura alitoka akiuliza kama anaweza kurudi. Na maneno ikianza kutembea, msichana mwingine akapiga simu kutoka Nyeri mjini, mkubwa, ako kazi. Zamani alikuwa kwa kwaya yetu halafu akawacha ghafla, na tukasema ni ujana. Yeye pia ni Nyambura. Yeye pia alikuwa ameitwa maitu. Hayo mengine iko kwa korti, sitayasema hapa. Lakini yeye amerudi, anakaa nyuma, anaimba alto.

Baba Mugo alihama. Tukasikia anaenda kanisa ya huko Tetu, upande wa Wamagana, na wanatafuta mtu wa kwaya. Pasta alifika huko kabla hawajampa hata kitabu ya nyimbo. Msifukuze mtu kwa mlango yenu halafu mnyamaze akibisha kwa jirani.

Mke wa Baba Mugo alikuwa rafiki yangu. Tumevuna kahawa pamoja tukiwa wasichana. Mpaka leo tukikutana sokoni anavuka barabara. Hiyo inaniuma, siwadanganyi, na mkifanya hii kazi kuna mtu atavuka barabara. Na kwaya yetu, woi, miezi mingi iliimba kama mbuzi imefungiwa stoo.

Lakini kitu ilikuwa inaninyima usingizi ni ingine. Ni Nyambura. Baada ya hayo yote akawa mtoto wa ndiyo. Nyambura, leta kuni. Ndiyo, Shosho. Nyambura, pangusa benchi. Ndiyo, Shosho. Mpatie huyu sweta yako. Ndiyo. Watu wanasifu, ona heshima! Mama yake, mwenye alikuwa amerudi kukaa hapa sasa, anauza mboga, aliniangalia, na mimi nikamwangalia, na hatukusifu. Ndiyo kama hiyo, mtu yeyote anaweza kuichukua.

Tukangoja. Hakuna dawa yake. Mama yake alikuwa anamwuliza vitu vidogo: unataka chai ama uji? Hii ama ile? Na kungoja.

Halafu ikafika wakati kahawa imekuwa nyekundu. Mchana, jua tamu, watoto wamelala kwa nyasi nyuma ya kanisa, wanaangalia mawingu ikipita kwa hiyo miti ya krismasi. Hakuna kazi wanafanya, hata moja. Mimi nilikuwa nimeishiwa na maji. Nikaita, "Nyambura! Kuja tushuke mtoni unisaidie na jerikeni."

Hakuamka. Aliinua kichwa tu, majani kwa nywele.

"Hapana, Shosho. Sitaki. Niko na raha."

Watoto wote wakageuka. Kumkatalia Shosho! Mmoja akafunika mdomo. Nyambura naye akaniangalia, na hayo macho kubwa, anangoja aone ni kitu gani inakuja.

"Sawa," nikamwambia. "Lala."

Akalala. Nikachukua jerikeni yangu nikashuka na hiyo njia ya kahawa mwenyewe, uso nimeukaza kama mtu amekasirika, na nikifika kule chini kwa maji, mahali hakuna mtu ananiona, nikaiweka chini nikacheza.